Kitambaa Kidogo cha Buluu

Kando ya vijito vya Koboko, Maracha na Arua, katika eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, pale watu wanapochota maji na vijana wanapooga jioni, utakuta kijiti kimechomekwa kwenye udongo wa ukingo. Juu ya kijiti kuna kipande cha kitambaa cha buluu, sentimita 25 kwa 25, na ubavuni mwake umeshonewa wavu mweusi mwembamba wa ukubwa uleule. Hakuna chambo, hakuna sanduku, hakuna harufu. Ukikigusa hakinati. Kina dawa ya kuua wadudu iitwayo deltamethrini, na kazi yake ni moja tu: kumuua mbung'o.

Mbung'o wa huku, ambaye wataalamu humwita Glossina fuscipes fuscipes, hakai nyikani mbali na watu. Anakaa kwenye vichaka vya kando ya maji, anafyonza damu ya kenge, ya ng'ombe, na ya binadamu aliyeinama na dumu lake. Ndiye anayeeneza malale aina ya gambiense, ugonjwa unaomla mtu polepole kwa miezi na hata miaka. Homa zinakuja na kuondoka, tezi za shingo zinavimba, kisha mtu anasinzia mchana na kukesha usiku, anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na asipotibiwa anakufa. Watu wengi wa West Nile waliokimbilia Sudan na Zaire baada ya vita vya 1979 na 1980 walirudi makwao wakakuta mabonde yamegeuka msitu. Malale yakawapokea.

Nimekichagua kitambaa hiki kibebe sura nzima kwa sababu hakuna kitu West Nile kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi sayansi inavyofanya kazi mikononi mwa watu wenye tatizo la kweli. Udogo wake haukutokana na uhaba wa fedha, na rangi yake haikuchaguliwa kwa kuwa inapendeza. Kila sentimita yake ni jibu la swali aliloulizwa mbung'o mwenyewe. Na namna ya kumuuliza mbung'o ndiyo namna ileile ya kuuliza kuhusu petroli, kuku, maharage, na mengine yote yanayotusumbua nyumbani.

Kwanza tuone watu waliamini nini kabla ya kuuliza. Kwa miaka mingi imani ilikuwa kwamba kitambaa kikiwa kikubwa ndipo kitaua zaidi. Imani hiyo ilikuwa na msingi. Huko Zimbabwe, mtafiti Glyn Vale na wenzake walikuwa wamewapunguza sana mbung'o wa nyikani kwa vitambaa vikubwa vya zaidi ya mita moja ya mraba, vikisaidiwa na harufu zinazofanana na za ng'ombe. Mbung'o wa nyikani hufuata harufu kutoka mbali, akifika anatafuta umbo kubwa. Kwa hiyo mtu akitaka kupambana na mbung'o wa mtoni, alianza pale wenzake walipoishia, na akatumia vifaa vikubwa: mitego yenye umbo la piramidi, vitambaa vipana, nguo nyingi, fremu, mafundi. Gharama yake ilikuwa kubwa mno kwa wilaya yenye mamia ya kilomita za vijito. Mitego ikiwekwa bonde moja, mabonde kumi hubaki bila kitu.

Kisha likaulizwa swali ambalo sasa linaonekana rahisi: je, mbung'o wa mtoni naye anataka kitu kikubwa hivyo? Watafiti wa vyuo vya Liverpool na Greenwich na wa kituo cha ICIPE cha Kenya, Steve Torr akiwa miongoni mwao, walilipeleka swali hilo kwenye visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Kenya, wanakoishi mbung'o wa aina hiihii ya kwetu. Walitengeneza vitambaa vya ukubwa tofauti. Ila walikutana na taabu mbili, na namna walivyozitatua inafaa kuangaliwa kwa makini kuliko hata jibu lenyewe.

Taabu ya kwanza ilikuwa ya kuhesabu. Mbung'o akigusa kitambaa chenye dawa huruka zake na kwenda kufia vichakani. Utamhesabuje? Ukihesabu wale tu waliotua mbele ya macho yako, utawakosa waliokigonga na kupita. Kwa hiyo waliweka nyaya nyembamba sana zenye umeme, ambazo mbung'o hazioni vizuri, mbele ya vitambaa na ubavuni mwavyo. Aliyezigusa alianguka kwenye sinia palepale. Hapo ndipo walipogundua jambo ambalo macho peke yake yasingeliona: mbung'o wengi hawatui kwenye buluu. Wanavutwa nayo, wanaizunguka, na wengi hugonga nyaya za pembeni. Ndiyo maana kitambaa cha leo kina wavu mweusi ubavuni. Buluu inamwita, wavu unamgusisha dawa.

Taabu ya pili ilikuwa ya mahali. Tuseme kitambaa kikubwa umekiweka chini ya mti wenye kivuli karibu na maji, na kidogo umekiweka mita mia mbili mbele yake, kwenye mchanga mkavu. Kikubwa kitashinda. Lakini kilichoshinda ni kitambaa au ni kivuli? Watafiti walivihamisha vitambaa kila siku kwa mpango, hata kila kitambaa kikapita kila mahali, na kila mahali pakapitiwa na kila kitambaa. Siku ya mvua ilivikuta vyote. Mahali pazuri palikifaa kila kimoja kwa zamu. Kilichobaki baada ya hapo ni tofauti ya vitambaa vyenyewe.

Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 2009. Kitambaa cha sentimita 25 kwa 25 kina eneo dogo mara 16 kuliko cha mita moja ya mraba, lakini mbung'o hawakupungua mara 16, wala hawakukaribia kupungua hivyo. Ili hesabu hii ikae vizuri kichwani, tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kikubwa kimoja kinaua 100 kwa siku na kidogo kinaua 50 tu. Mtu wa haraka atasema kikubwa ni bora mara mbili. Lakini nguo ya kikubwa kimoja inatoa vidogo 16, na 16 mara 50 ni 800. Swali lilikuwa limeulizwa vibaya miaka yote. Watu walikuwa wakiuliza ni kitambaa gani kinaua zaidi, na kumbe mwenye bajeti ya wilaya anahitaji kujua ni kipi kinaua zaidi kwa kila mita ya nguo anayonunua.

Sasa tuipeleke kanuni hii ya zamu barabarani.

Kila mkazi wa Arua wa umri fulani anawakumbuka OPEC Boys, vijana waliouza petroli iliyovuka mpaka kwa madumu na chupa, wakajipachika jina la umoja wa nchi zinazouza mafuta duniani. Tangu enzi zao hadi leo, stejini kuna mabishano yasiyokwisha: petroli ya chupa inaisha haraka, au ni ya kituo ndiyo inayoisha haraka? Kila mwendesha boda ana ushahidi wake. Mmoja anasema alijaza ya chupa Jumatatu, Jumanne mchana tangi likawa tupu. Sikatai kwamba tangi lilikuwa tupu. Ila Jumatatu ile ilikuwa siku ya soko, alibeba watu wawili na gunia la muhogo, na tairi ya nyuma ilikuwa nusu upepo. Yote hayo yamejificha ndani ya neno moja, petroli.

Tuseme yuko mwendesha boda wa Koboko anayetaka kujua kweli. Njia yake ya kila siku ni kwenda Arua na kurudi, lami tupu kupitia Maracha. Jioni anaegesha pikipiki mahali palepale, pasipo na mteremko, anamimina kwenye dumu petroli yote iliyobaki, kisha anajaza tangi kwa petroli ya aina moja hadi alama ileile ya shingoni. Kesho yake anakwenda na kurudi, anaegesha palepale, kisha anajaza tena kwa chupa iliyopimwa hadi alama ileile. Kiasi kilichoingia ndicho alichotumia. Asubuhi anapima upepo wa tairi. Kwenye daftari anaandika abiria na mizigo. Hadi hapo amefanya vizuri kuliko steji nzima.

Bado kuna mtego mmoja. Nani anaamua leo ni ya chupa au ya kituo? Akiamua mwenyewe, siku akiwa na haraka ataichukua ya chupa kwa kuwa iko karibu, na siku ya haraka ndiyo siku ya kukimbiza. Basi aamue kwa shilingi. Arushe sarafu ya 500: upande huu chupa, upande ule kituo. Sarafu haijui kama leo kuna soko. Ikirushwa mara nyingi, siku za mizigo mizito na siku nyepesi zitagawanyika kwa pande zote mbili bila upendeleo. Na kama anaweza, amwombe mtu mwingine.

"Kaka, wewe rusha sarafu, ujaze, usiniambie ni ipi mpaka mwisho wa mwezi."

"Sasa wewe utajuaje?"

"Ndiyo nisijue. Nikijua ni ya chupa, mkono wangu wenyewe utavuta moto ili nipate la kusema stejini."

Huyu amefika mbali. Anayeamini kitu hukisaidia bila kukusudia, na dawa ya jambo hilo si kujiaminisha kwamba wewe ni mkweli kuliko wengine. Dawa yake ni kupanga jaribio ambalo imani yako haina mahali pa kupenya. Katika utafiti wa dawa hospitalini, mara nyingi mgonjwa na daktari wote hufichwa ni nani amepewa dawa gani, kwa sababu hiyohiyo.

Kuku wanatufundisha upande mwingine. Kiangazi kikiingia, mdondo hupita vijijini na kufagia mabanda. Mama mmoja anawapa kuku wake pilipili na maji ya mshubiri baada ya vifo kuanza. Wiki mbili baadaye vifo vimekoma, na watano wamebaki. Kijiji kizima kinajua sasa kwamba pilipili inatibu mdondo. Lakini mdondo ukishaua walio dhaifu huwa unakoma wenyewe, na watakaobaki ni wale waliokuwa na nguvu tangu mwanzo. Ili kujua kama pilipili imefanya kazi, lazima uangalie banda la jirani ambalo halikupewa chochote. Wao walibaki wangapi? Swali hili la jirani ndilo tunalolisahau kuliko yote, maana mtu mwenye shida huangalia kwake tu. (Chanjo ya mdondo ipo, inastahimili joto kiasi cha kufaa vijijini, na ilithibitishwa kwa njia hiihii ya kuwalinganisha waliopewa na wasiopewa.)

Waliovileta vitambaa vya buluu West Nile hawakumsahau jirani. Kuanzia Desemba 2011, Chuo cha Tiba za Kitropiki cha Liverpool pamoja na COCTU, ofisi ya Uganda inayoratibu vita dhidi ya mbung'o na malale, walivisambaza kwenye eneo la kilomita za mraba 250 hivi katika wilaya za Arua na Maracha. Walikuwa tayari wanajua vinaua. Sasa walitaka kujua kama vitawamaliza mbung'o kwenye nchi halisi, yenye mashamba, mafuriko, ng'ombe na watoto wanaochezea kila kitu. Waliweka mitego ya kuhesabia ndani ya eneo, na mingine nje yake ambako hapakuwa na vitambaa. Mbung'o hupungua na kuongezeka kwa majira. Kama nje nako wangepungua vilevile, sifa isingekuwa ya kitambaa. Ndani ya eneo walipungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Inawezekanaje kitambaa kisichofukuza wala kuvuta kutoka mbali kifanye hivyo? Siri iko kwenye uzazi wa mbung'o. Nzi wa chooni hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o jike hubeba mtoto mmoja tumboni, anamlisha humohumo, na kumzaa akiwa funza mkubwa, mmoja kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Viumbe wanaozaa polepole namna hii hawastahimili hasara ndogo inayorudiwa. Ukiongeza vifo vya majike kwa asilimia nne hivi kila siku, kizazi kinaelekea kwisha. Kwa hiyo kitambaa hakihitaji kumnasa kila mbung'o leo. Kinatakiwa kuwa pale leo, kesho na keshokutwa, na kubadilishwa kila baada ya miezi sita, dawa inapochoka na majani yanapokifunika.

Hapo tena liliibuka swali lisilojibiwa kwa nyaya za umeme: watu watavipokeaje? Nguo ngeni ikitokea mtoni ghafla, watu wana haki ya kushtuka. Watafiti waliingia vijijini Arua kuwauliza wenyeji, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2013. Naona jambo hili lina uzito sawa na lile la nyaya. Kitambaa kilichong'olewa hakiui chochote, na sababu ya kung'olewa kwake ni jambo la kuchunguzwa, si la kulaumiwa. Udogo nao ulisaidia kwa njia ambayo haikuwa kwenye hesabu za mwanzo, maana kipande cha sentimita 25 hakishoni shati, na kukibeba hadi kwenye kijito kisichofikika kwa gari hakuhitaji zaidi ya mtu mmoja na mfuko.

Kazi ilipanuka hadi wilaya saba: Arua, Maracha, Koboko, Yumbe, Moyo, kisha Adjumani na Amuru zilizo ng'ambo ya Nile. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeyaondoa malale ya gambiense kama tatizo la afya ya jamii. Hapa nataka msomaji awe mwangalifu pamoja nami. Kitambaa hakikufanya yote hayo peke yake. Kwa miaka mingi kabla yake, timu zilikuwa zikizunguka kupima damu, wagonjwa wakitafutwa na kutibiwa, na kila mgonjwa anayepona humpunguzia mbung'o chanzo kimoja cha vimelea. Mambo mawili yakifanyika kwa pamoja mahali pamoja, kuyatenganisha ni kazi ngumu, na asemaye ni kitambaa tu amesema zaidi ya ushahidi. Tunachojua kwa hakika ni kile kilicholinganishwa: mbung'o walipungua palipowekwa vitambaa.

Wakati mwingine haiwezekani kabisa kurusha sarafu. Huwezi kumwambukiza mtoto ugonjwa ili uone. Ndipo kazi inahamia kwenye daftari, na West Nile ina madaftari mawili ambayo ningependa kila mwanafunzi ayajue.

La kwanza ni la Omugo, kituo cha afya ambacho miaka ya 1990 kilitibu malale pamoja na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Dawa ya hatua ya pili ya ugonjwa wakati huo ilikuwa melarsoproli, iliyotengenezwa kwa aseniki. Inachoma mishipa, na yenyewe iliua wagonjwa kadhaa kwa kila mia. Mgonjwa aliyemaliza sindano akasimama na kwenda nyumbani alihesabiwa amepona. Omugo hawakuishia hapo. Waliwaita tena wagonjwa baada ya miezi, wakawapima upya, na kuandika. Daftari likaonyesha kwamba kwa zaidi ya robo ya wagonjwa wa hatua ya pili dawa ilikuwa imeshindwa, na ugonjwa ulikuwa umerudi. Siku ya kutoka hospitali ilikuwa imepima kitu kisicho sahihi. Ushahidi wa namna hiyo ndio uliosukuma watu kuhamia eflonithini, na baadaye mchanganyiko wake na dawa nyingine, uliojaribiwa hapahapa Uganda.

La pili ni la Kuluva, hospitali ya misheni iliyo kusini kidogo mwa mji wa Arua. Daktari Ted Williams alikuwa akiandika kila mgonjwa wa uvimbe: umri, kijiji, mwaka. Kule Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa ameona mwaka 1957 mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya, kisha mwingine, na mwaka 1958 akauandika kama ugonjwa mmoja. Aliwatumia madaktari wa Afrika nzima vipeperushi vyenye picha, akiuliza kama wamewahi kuuona. Majibu yalipowekwa kwenye ramani, ukatokea mkanda uliopita katikati ya bara, wenye mapengo. Ili ajue mapengo yale maana yake nini, mwaka 1961 Burkitt, Williams na mwenzao Cliff Nelson walinunua gari kuukuu na kuendesha maili 10,000 hivi hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Jibu likaanza kujichora: karibu na ikweta, uvimbe haukuwepo kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ulifuata joto na mvua.

Burkitt akatoa dhana. Kitu kinachofuata joto na mvua kinaelekea kubebwa na mdudu. Basi huenda mbu anabeba virusi vya uvimbe huu. Madaftari ya Williams yaliongeza kingine: mwaka 1967 yeye na wenzake walionyesha kwamba watoto wa West Nile waliougua walikaribiana kwa mahali na pia kwa wakati, kama ilivyo kwa ugonjwa unaopita mahali kisha ukahamia kwingine. Na London, mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake walikuwa wamepata virusi kwa kweli ndani ya chembe za uvimbe kutoka Uganda.

Lakini mbu habebi virusi hivyo. Vinapita kwa mate, na vimeenea dunia nzima. Kinachofuata joto na mvua ni malaria, ambayo huudhoofisha mwili wa mtoto mbele ya virusi. Dhana ya Burkitt ilikosea njia na ikatufikisha, kwa sababu aliisema wazi kiasi cha kuweza kukaguliwa. Ukaguzi mkubwa kuliko yote ulifanywa West Nile miaka ya 1970. Guy de Thé wa shirika la utafiti wa saratani la Lyon na wenzake walichukua damu ya watoto 42,000 wazima, wakaihifadhi, kisha wakasubiri. Watoto 14 walipougua, damu zao za zamani zilitolewa na kulinganishwa na za watoto wa umri uleule, wa maeneo yaleyale, waliobaki wazima. Kingamwili za virusi zilikuwa nyingi zaidi kwa waliougua, tena kabla hawajaugua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978. Wazazi wa vijijini walionyoosha mikono ya watoto wao kwa ajili ya sindano ile wana sehemu katika ujuzi ambao sasa unasomwa kila chuo cha tiba duniani, na majina yao hayamo kwenye karatasi yoyote. Jambo hilo linaniuma.

Turudi jikoni. Maharage ya mbegu yamewekwa tangu mavuno, na fukusi wameanza kutoboa. Bibi anasema majivu. Shangazi anasema yaanikwe juani. Kijana aliyetoka semina anasema chombo kisichopitisha hewa. Wote wanaweza kuwa sahihi. Chukua chupa nne za plastiki zinazofanana, weka maharage ya gunia moja, yaliyochanganywa vizuri kwanza. Moja tia majivu yaliyochekechwa, moja maharage yaliyoanikwa, moja ijaze hadi mdomoni na uikaze kifuniko kabisa, na moja, ambayo ni muhimu kuliko zote, usiifanye chochote. Zote tatu zisizokazwa kifuniko zifunike kwa kitambaa. Iliyokazwa usiifungue katikati, maana itaingiza hewa; msimu wa kupanda ukikaribia, toa maharage 100 kutoka kila chupa bila kuchagua, hesabu yenye tundu, andika. Ikiwa ya kukaza kifuniko itashinda, sababu yake inajulikana: wadudu wakishamaliza oksijeni ya hewa iliyomo hawawezi kuendelea kula wala kuzaana. Ikiwa ya majivu itaikaribia, bibi amepata ushahidi wake, na majivu ni ya bure.

Kisha mbegu zenyewe. Kabla ya mvua za Machi, hesabu mbegu 100, zipange kwenye kitambaa chenye maji, zikunje, ziweke kivulini na kitambaa kisikauke. Baada ya siku saba hesabu zilizochipua. Zikiwa 71, na unataka miche 100, panda mbegu 141. Hesabu hii ya dakika kumi inaokoa msimu mzima wa kulaumu udongo.

Na kama mfuko wa jirani umetoa 78 na wako 71, usikimbilie kununua wa jirani. Katika mbegu 100, tofauti ya saba inaweza kutokea kwa bahati tu, hata kama mifuko yote miwili ni sawa. Hesabu mbegu nyingine 100 za kila mfuko, zifunge kwenye kitambaa kilekile, siku ileile, kivuli kilekile. Siku saba bado zipo kabla ya mvua.